Kodi ya fremu tatu na foleni getini: mfuko mdogo wa familia usaidie vipi wenye shida?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Muheza, mkoani Tanga. Mama yetu alifariki mwaka juzi, akatuachia nyumba yenye fremu tatu za biashara. Kabla hajafa alituita watoto wake wanne akatuambia kodi ya fremu tusiile, tuwasaidie wajane, yatima na wagonjwa wa hapa mtaani. Tunapata shilingi 450,000 kwa mwezi. Tulianza kwa kugawa unga, sukari na sabuni kila mwisho wa mwezi. Sasa watu wanajaa getini, wengine hata hatuwajui, wadogo zangu wananiambia napendelea watu wangu, na fedha zinaisha bila kumwona mtu aliyeinuka. Mfuko mdogo kama huu hufanyaje kazi? Ni lazima tuusajili? Na kuna kijana wa jirani, amemaliza kidato cha sita, baba yake hayupo duniani, anaomba tumlipie ada ya chuo kikuu. Tumjibu nini?

JIBU: Marahaba, dada. Mungu amrehemu mama yenu. Kwanza niseme kwamba watoto wanne kukubaliana kutokula kodi ya nyumba ya urithi si jambo dogo. Nimeona familia zikigombana kwa fremu moja.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini hamwoni mtu aliyeinuka. Laki nne na nusu ukiwagawia watu sitini wa getini, kila mmoja anapata cha shilingi 7,500. Ni unga kilo mbili tatu, sukari robo na kipande cha sabuni. Siku ya nne nyumbani kwake hali ni ile ile, na nyie hamna kitu hadi mwezi ujao. Hakuna aliyewadanganya wala aliyeiba. Fedha imetawanyika tu mpaka ikakosa nguvu.

Mfuko wa ukubwa wenu hauwezi kuubeba umaskini wa mtaa, na msijipe kazi hiyo. Kazi unayoiweza, tena vizuri kuliko mashirika makubwa, ni kuondoa kikwazo kidogo kinachomzuia mtu kufikia msaada mkubwa ambao tayari upo. Karibu kila huduma ya bure au ya nafuu katika nchi hii ina pengo dogo pembeni yake: nauli, cheti, sare, dawa iliyokosekana dirishani. Pengo hilo ndilo linalowaangusha watu, na ndilo linalolingana na mfuko wenu.

Nitakupa mfano mmoja kwa kirefu. Mtoto anazaliwa na mguu kifundo, nyayo zimepindia ndani. Tiba yake inajulikana na mara nyingi haihitaji upasuaji mkubwa. Kwa njia inayoitwa Ponseti, mtaalamu anaunyoosha mguu kidogo, anaufunga hogo (plasta ngumu), wiki inayofuata analifungua, anaunyoosha tena, anafunga jipya. Kwa kawaida ni wiki tano hadi saba. Baadaye wengi hukatwa kidogo kano ya nyuma ya kisigino, halafu mtoto anavaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu saa zote kwa miezi mitatu, kisha usiku tu hadi afike kama miaka minne. Sasa mchukulie mama anayeishi kwa kibarua cha shamba. Kliniki iko mjini. Kila wiki atafute nauli, na siku ile ya safari hana ujira. Wiki ya kwanza atakwenda, ya pili ataazima, ya tatu atasema "nitakwenda wiki ijayo", na hapo tiba imekatika. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 10,000. Wiki saba ni 70,000. Kwa fedha ambayo pale getini mnawapa watu tisa unga, hapa mtoto mmoja anatembea kwa nyayo zake maisha yake yote.

Kazi haijaisha hapo. Mguu ukirudi kupinda, mara nyingi sababu ni kwamba viatu vya usiku viliachwa: mtoto analia, jirani anasema mnamtesa, baba anavivua. Shirika lililoko Dar es Salaam halitajua. Wewe unaweza kupita jioni ukienda dukani, ukabisha hodi, ukauliza, "Mtoto anavivaa?" Mfuko mdogo una nguvu hiyo ambayo hainunuliwi, ya kukaa jirani na mtu unayemsaidia na kumfuatilia bila gari wala posho.

Ukishauona mfano huo utaanza kuyaona mapengo kila mahali. Elimu msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita zilifuata mwaka 2022. Lakini mtoto bila sare na viatu anajificha nyumbani, na shule nyingi zina mchango wa chakula, iwe mahindi, maharage au fedha ya mpishi. Mtoto wa darasa la tano ambaye bibi yake hana debe la mahindi la kupeleka shuleni anashinda na njaa akiwatazama wenzake wakila, na baada ya wiki kadhaa haonekani. Hospitali nako, mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza wana msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Msamaha huo hausaidii dawa ikiwa haipo na mgonjwa ameandikiwa karatasi akanunue nje. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii ulioanza mwaka 2000, unazilipa kaya maskini zilizoandikishwa kupitia mkutano wa kijiji au mtaa. Aliyehamia mtaani baada ya uandikishaji, au mjane aliyekuwa na mume mwenye kazi wakati ule, hayumo kwenye orodha. Halmashauri zina mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini mtu asiye na kitambulisho wala kikundi haipati. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, jiulizeni: mtu huyu anastahili nini kwingine, na kipi kinamzuia kukipata? Mara nyingine jibu ni kwamba hahitaji fedha yenu kabisa. Anahitaji mtu wa kwenda naye kwa afisa ustawi wa jamii, akae pale mpaka barua iandikwe.

Kuhusu foleni ya getini, ifungeni. Najua ni vigumu, na mtasemwa. Lakini geti humpa mwenye sauti na miguu, na wenye shida kubwa hawana hivyo viwili. Mgonjwa wa kiharusi hafiki getini. Mjane ambaye mume wake alikuwa mwalimu anaona aibu. Badala ya kusubiri watu waje, wachagueni watu wachache wanaoziona shida mapema, na wao ndio wawaelekezee: muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa darasa, imamu na katekista au mzee wa kanisa. Ongezeni na mwenye duka. Muuza duka anajua kabla ya mjumbe wa nyumba kumi ni nyumba gani imeacha kununua mafuta ya chupa ikaanza ya kupima, na ni nani daftari lake la madeni limejaa mpaka anapita njia ya nyuma. Msimwombe awaonyeshe daftari, hiyo ni siri ya wateja wake. Mwambieni tu, "Ukiona mtu amekwama, mwambie atutafute."

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wawe na habari, barua ya utambulisho mtaihitaji kila mara. Orodha ya watu wa kusaidiwa msiiweke mikononi mwa mwanasiasa yeyote, hata akiwa mtu mwema. Uchaguzi ukikaribia, unga wenu utageuzwa kampeni, na hamtaweza kueleza kwamba si hivyo.

Mkipata jina, waende watu wawili nyumbani, na mmoja awe mwanamke. Wakae, wanywe maji wakikaribishwa, wasikague. Macho hudanganya: nimeingia nyumba yenye bati jipya linalong'aa, na ndani bibi na wajukuu watatu wanakula mlo mmoja. Bati lilipigwa na mtoto wa kiume aliyekuwa na kazi, na mtoto huyo kwa sasa hajulikani aliko. Na nimeingia nyumba ya udongo ambayo mwenyewe ana ng'ombe wanne kwa shemeji yake. Kwa hiyo ulizeni badala ya kutazama. Ni kitu gani kitaharibika wiki hii kama hakuna msaada? Nani ameshakusaidia, na nani ulimwomba akashindwa? Tukikupa hiki unachoomba, kesho yake unafanya nini? Swali la tatu ndilo linalonisaidia zaidi. Anayesema "nikipata nauli, Jumanne kuna kliniki, kadi hii hapa" ana njia, amekosa hatua moja tu. Asiyejua kesho yake itakuwaje msimkatae kwa sababu hiyo, ila mjue kwamba yeye anahitaji mtu wa kumsindikiza kuliko anavyohitaji bahasha.

Toeni fedha au vitu? Watu hubishana sana hapa, nami nina msimamo wangu. Kwa chakula, toeni fedha. Mama anajua kama nyumbani kumekosekana unga, mkaa au dawa ya mtoto, na TASAF yenyewe hulipa fedha taslimu. Mtumieni kwenye simu, tena na ya kutolea, maana ukimtumia mtu 20,000 kavu unamwachia yeye makato. Kwa sare, lipeni fundi moja kwa moja na mpatane naye bei ya mwaka mzima. Akijua ana mashati ishirini ya uhakika kila Januari, atawapunguzia. Kwa safari za hospitali, toeni nauli safari kwa safari, mtu akirudi na kadi iliyogongwa muhuri apewe ya safari inayofuata. Hiyo haimaanishi mnamshuku. Ni kwamba fedha ya wiki saba ikiwa mkononi, njaa ya wiki ya pili itaila, na hata wewe ungeila.

Mikopo, hapana. Najua wadogo zako watasema "tuwape mitaji, warudishe, mfuko uzunguke". Inapendeza kusikia. Lakini siku mtakapoanza kudai, nyie si wafadhili tena, ni wadai wa jirani zenu, na watu wataanza kubadilisha njia wakiwaona. Vikoba vipo kwa kazi hiyo. Mkitaka kumwinua mtu kwa biashara, mpeni kitu mara moja kiwe chake, jiko na sufuria mbili za mama lishe, au mbegu na mbolea kabla ya masika. Mfanye hivyo kwa mtu ambaye dharura yake imeshatulia. Aliye na mgonjwa ndani atauza sufuria.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilifikirii ni majira. Mmezoea kugawa sawa kila mwezi kwa sababu kodi inakuja kila mwezi, ila shida haiji kila mwezi kwa kipimo kimoja. Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinahitajika wiki moja. Julai wapo wanaoingia kidato cha tano wakiwa na orodha ya vitu vya bweni. Katikati kuna miezi ile ya kabla ya mavuno, ghala tupu na mvua inanyesha, vibarua vimesimama. Gawanyeni mwaka hivi, kwa mfano. Kodi yote ni 5,400,000. Tengeni 1,200,000 ya kodi za ardhi na majengo, rangi, choo cha wapangaji na mwezi ambao fremu moja itakaa wazi. Wekeni 600,000 akiba isiyoguswa. Zinabaki 3,600,000. Humo, milioni moja na laki mbili iwe ya Januari, laki sita ya Julai, laki tisa ya miezi ya njaa, na laki tisa iliyobaki ni ya dharura za mwaka mzima. Miezi mingine mtatoa kidogo sana, na hapo ndipo watu watawauliza fedha iko wapi. Muwe na karatasi ya kuwaonyesha.

Wajane nataka niwataje peke yao kwa sababu mama yenu aliwataja. Mtu akifiwa mtaani kwetu hakosi watu. Kikundi cha kufa na kuzikana kinaleta sanda au jeneza, turubai, mchele, wapishi. Rambirambi zinahesabiwa mbele ya watu. Mfuko wenu hauna haja ya kushindana na hayo, toeni rambirambi yenu kama familia basi. Kipindi chake ni baada ya arobaini, wakati turubai limerudi kwa wenyewe, ndugu wa mume wameanza kuuliza kuhusu shamba, na mwenye nyumba amevumilia miezi miwili. Hapo mjane anahitaji vitu viwili: kiasi fulani cha fedha kwa muda uliowekwa, tuseme 40,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, akiwa ameambiwa tangu siku ya kwanza kwamba ni mitatu, na mtu wa kumpeleka mahakama ya mwanzo kufungua mirathi kabla vitu havijahamishwa. Cha pili ndicho kikubwa, na gharama yake ni nauli tu na asubuhi chache za mmoja wenu. Miezi mitatu ikiisha mnakaa naye tena. Mkimwachia msaada usio na mwisho, mwaka wa pili mtakuwa na wajane kumi kwenye orodha na hamtaweza kumpokea wa kumi na moja.

Kuna maombi mtakayoyakataa, na bora mjue mapema ni yapi. Usafishaji wa figo ni kama mara tatu kwa wiki, wiki hadi wiki, na mfuko wote wa mwaka unaweza kumezwa na mgonjwa mmoja. Msiseme "tutaangalia". Semeni wazi kwamba hilo ni kubwa kuliko mfuko, halafu fanyeni mnachoweza: kumsindikiza ndugu wa mgonjwa kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali husika kuomba msamaha, na nauli ya mtu wa kumhudumia. Michango ya harusi, kipaimara na send-off msiiguse kabisa. Hiyo mtu atoe mfukoni mwake.

Sasa lawama za wadogo zako. Haziishi kwa kuwaapia kwamba hupendelei, zinakwisha kwa utaratibu. Nyie wanne msikae peke yenu. Waongezeni watu watatu wasio wa ukoo, mfano muuguzi mstaafu, mwalimu, na mtu wa dini isiyo yenu. Kutaneni mara moja kwa mwezi, andikeni muhtasari hata wa nusu ukurasa: nani ameomba, nini, tumeamua nini, kwa nini. Ombi likimhusu ndugu au rafiki wa mjumbe, mjumbe huyo anatoka nje mpaka liamuliwe. Akaunti ya benki iwe na watia saini wawili kati ya watatu, na mmoja asiwe wa familia. Kwa dharura ya usiku, wajumbe wawili wakikubaliana kwa simu waruhusiwe kutoa hadi kiwango fulani, labda 50,000, kisha waeleze kikaoni. Bila kifungu hicho, mama mwenye uchungu saa nane usiku atasubiri kikao cha Jumamosi. Kila baada ya miezi sita bandikeni karatasi moja msikitini, kanisani na kwenye ubao wa serikali ya mtaa: tumepata kiasi gani, tumetoa kiasi gani kwa elimu, afya, chakula. Majina ya waliosaidiwa hayaandikwi popote hadharani.

Na picha, dada. Acheni picha. Ule mtindo wa kumsimamisha mzee na mfuko wa unga, wafadhili wamemzunguka wanatabasamu, mimi unaniudhi. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti ya kukusanya na kusambaza taarifa za mtu, na picha yake na habari za ugonjwa wake ni taarifa zake. Daftari la maombi lifungiwe kabatini.

Usajili. Kabla yake kuna jambo ambalo hukuligusa, nami nalihofia: nyumba bado iko kwa jina la marehemu? Kama mirathi haijafunguliwa, kisheria hakuna mwenye mamlaka ya kuikabidhi nyumba hiyo kwa mfuko wowote, hata nyie wanne mkikubaliana. Fanyeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, chukueni cheti cha kifo, ombeni mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Maneno ya mama aliyoyasema kwa mdomo yaandikwe humo mkiwa bado wanne na mnaelewana. Mmoja wenu akifariki, watoto wake hawakuyasikia. Kama mama alikuwa Mwislamu, kumbukeni wosia unaishia theluthi ya mali, kinachozidi hapo kinahitaji ridhaa ya warithi. Ridhaa hiyo mnayo leo, iandikeni leo. Nyumba ya kodi kutengwa kwa ajili ya maskini si jambo geni kwetu. Lamu, Mombasa na Unguja kuna nyumba za wakfu za tangu enzi ambazo kodi zake zinaendesha misikiti na madrasa, na Zanzibar ina kamisheni nzima ya wakfu na mali ya amana.

Mirathi ikikamilika, njia inayolingana na nyie kwa maoni yangu ni bodi ya wadhamini chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, inayosajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Faida yake kubwa ni kwamba bodi ina uhai wake: inamiliki nyumba kwa jina lake, inashtaki na kushtakiwa, wadhamini wanakufa au kujiuzulu lakini nyumba haiingii tena kwenye mirathi ya mtu. Gharama yake ni nidhamu: katiba, lakiri (muhuri rasmi), kupeleka marejesho (taarifa za bodi) RITA na kutoa taarifa mdhamini akibadilika. Njia ya pili ni kusajili shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, ambalo laweza kuwa la ngazi ya wilaya tu. Hiyo inawafaa kama mna mpango wa kuomba fedha kwa wafadhili na kuendesha miradi, na taarifa zake za mwaka ni nzito zaidi, hasa baada ya marekebisho ya 2019. Kwa fremu tatu na kikao cha mwezi sioni haja.

Msidhani neno "hisani" linafuta kodi. Hadhi ya taasisi ya hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiji yenyewe kwa kusajiliwa, inaombwa kwa Kamishna wa TRA na inatolewa kwa uamuzi wake. Nendeni ofisi yao ya wilaya mkiwa na katiba, muulize kodi ya pango inachukuliwaje, kabla hamjaulizwa nyie.

Watu wakiona mnafanya vizuri wataanza kuleta fedha zao. Mtu akileta zaka mwezi wa Ramadhani, iwekeni mbali na mfuko, andikeni mahali pake, kwa sababu zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa na Qurani na hamwezi kununulia rangi ya fremu. Sadaka ya kawaida ni rahisi zaidi, ila mtoaji aambiwe itaingia kwenye mfuko wa wote, asichague jina.

Na huyo kijana wa kidato cha sita. Ada ya chuo kikuu ya miaka mitatu au minne msiahidi. Mtameza mfuko wote na bado atakwama mwaka wa pili, mahali pabaya zaidi pa kukwama. Lakini kijana aliyefiwa na baba ndiye hasa ambaye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inamtazama kwa jicho la pekee, mradi athibitishe. Na uthibitisho ndio pengo lenyewe. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha mzazi, vyote vimehakikiwa na RITA. Kijijini mtu anazikwa kwa kibali cha mazishi na watu wanaishia hapo, cheti hakifuatiliwi, na miaka kumi baadaye mtoto anaonekana kwenye mfumo kama mwenye wazazi wote. Kufuatilia cheti cha kifo kilichochelewa ni kazi ya kutafuta vielelezo, barua ya mtendaji, taarifa ya hospitali kama alifia hospitali, na safari kadhaa ofisi ya RITA wilayani, ambayo kwa kawaida iko kwa Mkuu wa Wilaya. Kila safari ni nauli na ada ndogo. Dirisha la maombi ya mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka na huwa halisubiri mtu. Fomu yenyewe inataka mdhamini mwenye kitambulisho, saini ya serikali ya mtaa, na muhuri wa wakili au hakimu. Hapo mnaweza kumsaidia hatua kwa hatua kwa fedha isiyofika hata laki moja.

Akipata mkopo, kuna pengo la mwisho ambalo wengi hawalioni mpaka wawe wamefika: wiki za kwanza chuoni, kabla boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, haijaingia. Nauli ya basi, godoro, kula. Tengeni kiasi cha mara moja, 150,000 labda, mumpe siku ya kuondoka. Akikosa mkopo kabisa, akate rufaa bodi itakapofungua dirisha la rufaa, na mumsindikize kwa hilo pia. Kwa sasa mwulizeni jambo moja tu: cheti cha kifo cha baba yake kipo? Kama hakipo, aanze kukifuatilia Jumatatu, na mmoja wenu aende naye.